Ngoja Nifike

Stegi ya tatu ya gemu ya video ya Contra, mnapocheza wawili, ni maporomoko ya maji. Hapo hamwendi mbele, mnapanda. Mnaruka kutoka jiwe hadi jiwe, mawe makubwa yanadondoka kutoka juu, na askari wanapiga risasi toka pembeni. Hayo yote yanazoeleka. Kinachoua zaidi ni mwenzako. Skrini humfuata aliye juu, wala hairudi chini; ukipanda haraka, jiwe alilosimama rafiki yako linapotelea chini ya skrini, naye anakufa bila kuguswa na adui yeyote.

Nimemuua rafiki yangu hivyo mara nyingi sana. Kila mara alisema neno lilelile: "Ngoja nifike!" Na kila mara nilikuwa nimeshabonyeza.

Konami waliitoa gemu hii mwaka 1987 kwenye mashine kubwa za sarafu, na mwaka 1988 ikaingia kwenye mashine ya Nintendo ya nyumbani. Haina kipimo cha damu. Risasi moja tu inatosha kukuua, na mnaanza na roho tatu kila mmoja. Ufundi wa vidole upo, na ninauheshimu: kulala chini risasi ipite juu, au kuzama majini stegi ya kwanza, ambako ukizama hupigwi, ila nawe huwezi kupiga. Lakini vidole hujifunza kwa siku chache. Kumsikia aliyekaa ubavuni mwako bila kuondoa macho kwenye runinga, hilo lilituchukua miezi.

Kuna silaha yenye herufi S, inayotawanya risasi tano kwa mpigo. Kila mchezaji anaitaka, na ukifa unaipoteza, unabaki na bunduki ya kuanzia. Siku moja S ilitokea mbele yangu wakati ninayo tayari. Nikasimama. Rafiki yangu akapita, akaichukua, hakusema neno. Kwangu ule ndio uchezaji mzuri kuliko wowote niliowahi kuufanya, na haukuwa na risasi hata moja.

Watu wengi wanaikumbuka Contra kwa msimbo wake: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukiubonyeza mwanzoni unapata roho 30. Aliyeubuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyefariki mwaka 2020. Aliuweka kwanza kwenye Gradius ya mwaka 1986, kwa kuwa gemu hiyo ilimshinda alipokuwa akiijaribu. Ninamshukuru, maana kwa roho zake 30 tuliona mwisho wa Contra kwa mara ya kwanza. Hata hivyo nakumbuka tulivyopanda maporomoko siku ile: kila mtu mbio zake, mmoja akifa mwenzake hageuki, kwa sababu roho zilikuwa nyingi.

Tuliporudi kwenye roho tatu, tulianza tena kuhesabu pamoja kabla ya kila mruko. Moja, mbili, ruka. Anayetangulia anasafisha jiwe la juu kwa risasi, anabaki palepale, anamwita mwenzake.

Ukipata mtu wa kucheza naye, uacheni msimbo. Anzeni na roho tatu, na mkifika maporomoko, wewe uliye juu, ngoja.