Wafalme Wameachwa, Azori Amebaki

Kila mwaka, tarehe 17 Desemba, Misa inatusomea mwanzo wa Injili ya Mateo: fulani alimzaa fulani, naye fulani akamzaa fulani. Tuseme kweli: wengi wetu tunasikiliza kwa masikio tu. Mtoto anapiga miayo, mama anafunga upya kitambaa chake, na hata msomaji anaharakisha apate kufika kwa Yozefu na Maria. Lakini sisi tunasema kwamba ukurasa huo umeandikwa vema sana, na wakristu wa Bungulu tungepaswa kuufahamu kupita wengine.

Tuutazame. Mateo anawapanga wazee wa Bwana Wetu katika makundi matatu: toka Abrahamu mpaka Daudi, toka Daudi mpaka uhamisho wa Babeli, toka uhamisho mpaka Kristu. Katika kundi la pili wamo wafalme, ambao habari zao zimejaa katika Agano la Kale. Katika kundi la tatu, baada ya Zerubabeli, yanakuja majina mageni: Abihudi, Eliakimu, Azori, Zadoki, Akimu, Eliudi. Habari za watu hawa hazipatikani mahali pengine po pote katika Maandiko. Na tazama ajabu: kati ya Yoramu na Uzia, Mateo ameruka wafalme watatu, Ahazia, Yoasi na Amazia. Wafalme wameachwa, Azori amebaki! Labda mtu atasema kwamba Mateo alitaka kupata hesabu yake ya kumi na nne. Ni kweli. Lakini mwandishi mwenye kutafuta sifa angewaacha hao wasiojulikana, si wafalme.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina la zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku ama Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Msichana wa kwanza ni Masika. Ng'ambo ya Ruwenzori, ndugu zetu Wakonzo wa Uganda wanasema Baluku, Bwambale, Masereka, na desturi ni ile ile. Ni desturi nzuri, kwa maana ukisikia jina umekwisha kujua mahali pa mtu kati ya ndugu zake. Lakini halikuambii ni wa ukoo gani. Simama sokoni uite, "Kambale!" Watageuka wangapi? Kinachomtenga Kambale huyu na Kambale yule ni lile jina jingine, la babu, lile gumu ambalo pengine hulisikii katika nyumba ya pili.

Nalo ndilo tunalolitupa. Mmoja anaona haya kwa kuwa wenzake wanalicheka. Mwingine anadhani ni la kipagani. Anakosa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, inakataza jina lisilopatana na moyo wa kikristu. Haikatazi jina la babu. Wazee wanakumbuka pia mwaka 1972, Serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya ubatizo, naye Kardinali Malula akapinga. Wakati ule watu walitafuta majina ya mababu kwa sababu ya amri. Amri imekwisha pita. Je, tutayatunza kwa hiari yale tuliyoyaandika kwa kuogopa?

Mwingine atatukumbusha kwamba Mtume Paulo alimwonya Timoteo juu ya nasaba zisizo na mwisho. Ni neno la haki kwa mwenye kujivuna. Lakini Mateo hajivuni. Amewataja Tamari na Rahabu, ambao mtu wa majivuno angewaficha. Anayeandika ukoo wake namna hiyo anajifunza unyenyekevu.

Tena kwetu jambo hili si mchezo wa wenye nafasi. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika nchi ya Beni yametawanya jamaa nyingi, na wazee waliokuwa wakishika majina kichwani wamekufa bila kuyaacha. Mtoto anayefika mjini peke yake, naye anajua kusema tu, "Mimi ni Kambale, baba ni Paluku," nani atampatia shangazi yake? Na msalaba wenye neno "Kasereka" tu, ni wa Kasereka yupi? Azori naye alikuwa mwana wa watu waliohamishwa. Kama mtu asingaliandika jina lake, sisi tusingalijua kwamba aliishi.

Basi, ndugu wapendwa, nunueni daftari. Kaeni na nyanya angali hai, mwandike majina ya vizazi vitatu ama vinne, ya wanaume na ya wanawake, pamoja na yale yanayochekesha na yale ya watu walioleta aibu. Msisahihishe kitu. Na mtoto atakapobatizwa, jina la mtakatifu na jina la babu yakae pamoja katika daftari la parokia. Hayagombani.