Mirija Iliyopuuzwa

Sitangoja tamati kusema kwamba neno "hasi" lililotiwa sahihi chini ya slaidi ile halikustahili kuandikwa. Sote tuliinamia darubini tukaona: uvimbe wa saratani ya titi umejaa viini vya buluu, hata kimoja hakina ile rangi ya kahawia ya kipokezi cha estrojeni; na pembeni yake, kama mashahidi walioitwa barazani wasiulizwe neno, mirija ya maziwa iliyo salama, nayo buluu tupu. Mirija hiyo, kwa tabia yake, haikosi viini kadhaa vya kahawia. Ikikosa kabisa, ajuaye kazi hufahamu kwamba kingamwili hazikupata pa kushika, na hukumu ya insafu hapo si chanya wala si hasi, bali kipimo ni batili, kirudiwe. Mwenzetu aliitazama, akaipita, akaandika. Na kwa mwandiko huo bibi yule angenyimwa tamoksifeni ya miaka mitano.

Ati slaidi ya mfano, iliyotiwa rangi pamoja na ile, ilitoka kahawia safi! Naam, uchemshaji na utiaji rangi ulikuwa barabara. Lakini slaidi ya mfano haikuonja masaibu ya titi lile, lililotolewa Ijumaa, likatumbukizwa zima katika formalini pasipo kupasuliwa, hata Jumatatu. Wasomaji wangu wamechoka kunisikia: pasua ndani ya saa moja, loweka saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Basi nitasema tena, maana formalini hupenya nyama polepole mno, na katikati huharibika ingali ikingoja dawa.

Kule Newfoundland, Kanada, vipimo vya kipokezi hiki vya tangu 1997 hadi 2005 vilipopelekwa Toronto kurudiwa, mamia ya majibu yaligeuka. Na ripoti ya Jaji Margaret Cameron ya 2009 inasomeka hadi leo, kwa anayetaka kusoma.

Marehemu Elwood Jensen wa Chicago, alipoitia estradioli alama ya tritiamu akaifuatia mwilini mwa panya, hakuridhika kuona mji wa mimba umeishika. Alitazama na misuli, ambayo haikuishika, ndipo akanena. Huyo alijua kumuuliza jirani.

Na kipande cha sindano, kilichochukuliwa kabla ya upasuaji na kulowekwa ipasavyo, kilikuwamo kabatini muda wote. Kilipotiwa rangi, mirija ilitoka kahawia, na uvimbe pia.