Muundo wa Ulinganishi wa Makala ya Ushawishi: Obi Wali na Chinua Achebe

Mwanafunzi anapotakiwa kulinganisha makala mawili ya ushawishi, aghalabu huandika muhtasari wa makala ya kwanza, akafuatisha wa makala ya pili, kisha akahitimisha kwa aya isemayo kwamba waandishi wote wawili wana hoja nzito. Tunadai hapa kwamba huo si ulinganishi, bali ni mihtasari miwili iliyowekwa ubavu kwa ubavu. Ulinganishi huanza pale vigezo vinapowatangulia waandishi.

Tuchukue mjadala unaofahamika. Mnamo 1963, mwaka mmoja baada ya kongamano la waandishi la Makerere, Obi Wali alichapisha katika jarida la Transition la Kampala makala yaliyodai kwamba fasihi ya Kiafrika iandikwayo kwa Kiingereza na Kifaransa haina mustakabali. Mnamo 1965, Chinua Achebe alikitetea Kiingereza katika jarida hilohilo.

Kigezo cha kwanza ni swali. Wali anauliza fasihi ya Kiafrika itakuaje iwapo lugha zake hazitumiki kuitunga. Achebe anauliza taifa lenye lugha nyingi, kama Nigeria, litawasiliana kwa lugha ipi. Mhakiki asiyeitambua tofauti hii atamtangaza mshindi wa shindano ambalo halikuwapo.

Kigezo cha pili ni ushahidi. Wali anaanzia kwenye kongamano lenyewe na mipaka liliyojiwekea. Achebe anategemea tajriba yake ya utunzi: ananukuu kifungu cha Arrow of God (1964), anakiandika upya kwa Kiingereza cha kawaida, na kumwachia msomaji ahukumu. Mbinu hii ina nguvu. Hata hivyo, inathibitisha tu kwamba Kiingereza chaweza kuubeba mzigo huo. Haithibitishi kwamba lugha za Kiafrika haziwezi.

Katika makala hayo, Achebe anasimulia pia kwamba Shaaban Robert alimpa vitabu viwili vya mashairi, ambavyo hawezi kuvisoma mpaka ajifunze Kiswahili. Kwake, kisa hiki ni dalili ya mlango uliofungwa. Msomaji wa Kiswahili ataona vingine: mlango u wazi, ila mgeni hana ufunguo, na sharti analolitaja mwenyewe linakiri kwamba ufunguo huo hupatikana. Ushahidi uleule unaitumikia hoja ya Wali. Muundo wa mihtasari miwili ungelificha jambo hili, kwa kuwa Wali angekuwa amekwisha kuachwa nyuma.

Haki inatudai tuyapime makala ya Wali kwa mizani hiyohiyo. Kumlaumu kwa kuandika kwa Kiingereza ni pingamizi jepesi, kwani alikuwa akiwahutubia waliokichagua. Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba swali la Achebe kuhusu mawasiliano ya taifa zima halipati jibu la kutosha kwake.

Kwa hiyo, hitimisho lisiwe suluhu ya kuwaridhisha wote. Mhakiki hana budi kubainisha ni hoja ipi iliyosimama, kwa kigezo kipi, na mbele ya hadhira gani.