Shikamoo Kwanza, Swali Baadaye

Ukisikiliza Pangani FM, au Radio Jamii Micheweni kule kaskazini mwa Pemba, au ORS ya Terrat, Simanjiro, utapita kwenye salamu, bei za mazao na matangazo ya misiba. Katikati yake huja habari ya dakika mbili hivi: kijiji fulani kimesomewa mapato na matumizi, na wananchi wamehoji. Wengi huo ndio wakati wao wa kwenda kuchota maji. Kwangu mimi, ndipo nyumba nzima inapotakiwa kunyamaza.

Kwa Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo hukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Lakini siku ya mkutano, mmoja yuko baharini, mwingine malishoni, mwingine anamuuguza mtoto. Kilichosemwa chini ya mwembe kitawafikia kwa redio, au kitawafikia kwa umbea.

Mwandishi mzuri wa redio jamii hufika mapema na kuupa upepo mgongo, maana upepo ukiingia kwenye simu anayorekodia, sauti imeharibika na hakuna atakayeirudia hotuba. Kila tarakimu inapotajwa anaandika daftarini ilitajwa dakika ya ngapi. Tuseme mtendaji wa kijiji anasoma kwamba shilingi 4,850,000 zimejenga matundu sita ya choo cha shule, "na mchanganuo upo". Watu wanapiga makofi. Mwandishi anapigia mstari maneno hayo matatu ya mwisho.

Mkutano ukivunjika, haanzi na swali.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na kazi. Naomba unisaidie hapo kwenye choo cha shule. Ule mchanganuo tunaweza kuuona?"

Ufundi wenyewe uko hapo. Adabu ile si woga wala kujipendekeza. Ni njia ya kuuliza jambo gumu bila kumpa mkubwa kisingizio cha kukasirika. Mwandishi wa habari wa mjini anaweza kumwandika waziri na asionane naye tena maisha yake yote. Huyu wa Pangani atapanda kivuko kimoja na mwenyekiti kwenda Bweni, watakutana msikitini, watabeba jeneza moja. Wapo wanaosema ujirani wa namna hiyo huua uandishi. Sikubaliani nao. Ujirani humfanya mtu ahesabu mara mbili, kwa sababu akikosea, kosa litamjia mlangoni likimwita kwa jina.

Basi anakwenda shuleni kuhesabu matundu. Anawatafuta kina mama waliokaa pembeni mkutanoni bila kufungua kinywa, ambao mara nyingi ndio wanaojua fundi aliondoka lini na saruji iliishia wapi. Na akiitwa kando apewe "nauli" kwenye bahasha, anashukuru na kuiacha mezani. Wengi wa waandishi hawa wanajitolea au wanalipwa kidogo sana, kwa hiyo bahasha ile isipimwe kwa macho ya mwenye mshahara.

Studioni kazi inageuka. Msomaji wa gazeti hurudi kwenye mstari. Msikilizaji husikia mara moja tu, huku akipepeta mchele. Kwa hiyo 4,850,000 inakuwa "karibu milioni tano", inatajwa tena mwishoni, kisha inagawanywa: laki nane na ushei kwa kila tundu. Basi. Hakuna maoni yanayoongezwa. Fundi aliyewahi kujenga choo, popote anaposikiliza, ameshajua la kuuliza mkutano ujao. Ninaustahi sana uamuzi huo wa kukomea kwenye hesabu na kumwachia msikilizaji hukumu yake.

Huko Simanjiro, Umasaini, kuna ugumu mwingine. Kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, ilhali mzee anayelalamikia malambo anasema Kimaasai, kwa mafumbo ya wafugaji. Mwandishi lazima aubebe uchungu wa maneno yake hadi Kiswahilini bila kuuzidisha wala kuupooza.

Kisha mizania: mtendaji ajibu kabla habari haijaruka. Asipopokea simu, inasemwa hewani kwamba amepigiwa, siku gani na mara ngapi.

Lakini kinachomtofautisha bingwa na wenzake ni lile daftari. Miezi mitatu ikipita analibeba tena, anafungua ukurasa wa choo, anauliza mchanganuo umefikia wapi. Sijaona chombo kikubwa cha habari chenye subira ya kulirudia tundu la choo mara nne kwa mwaka.

Mkutano wa kijiji chako hauko mbali. Nenda. Ukimwona kijana amesimama nyuma na simu mkononi, mpishe asogee karibu na meza.