Rumble 500: Mdundo Mzito, Mzigo Mwepesi!

Wapiga besi, kaeni mkao wa kula! Amplifaya ya Fender Rumble 500 imetua mbele yangu, nimechomeka gitaa, nimegonga uzi mnene wa E, na mtikisiko umenipanda kutoka kwenye nyayo hadi kifuani. Na sauti wala sijaifungulia hata nusu!

Halafu nyanyua uone. Kilo 16 na ushei, spika zikiwemo! Kumbuka Ampeg SVT ya mwaka 1969, jabali la vali lililozunguka Marekani na Rolling Stones. Wati zake 300 zilitoka kwenye kichwa cha kilo karibu 40, na chini yake kabati la spika nane za inchi 10. Hapo unatafuta wabebaji. Hii unaibeba kwa mkono mmoja, gitaa likiwa mgongoni. Siri yake ni saketi ya daraja D: transista huwaka na kuzima kwa kasi ya ajabu, umeme mdogo tu ndio unaopotea kuwa joto, na vyuma vizito vya kupoza havina kazi tena.

Lakini wati 500 zote hizo za nini? Si za makelele, jamani! E ya chini ya besi ni hezi 41 hivi, na sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini namna hiyo. Tena ukizidisha wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu. Ili msikilizaji aone sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati kama mara kumi. Ndiyo maana mpiga solo mwenye wati 50 anakumeza wewe mwenye 100. Amplifaya ndogo ikiishiwa pumzi, noti hukatwa vichwa na besi huanza kukwaruza. Rumble 500 ina akiba: chemko likiingia na drums zimepamba moto, kila noti inatoka nzima, nene, safi. Raha iliyoje!

Ila someni maandishi madogo. Wati 500 ni za omu 4, yaani ukiiongezea kabati la pili la omu 8. Ikiwa peke yake na spika zake mbili za inchi 10, inatoa 350. Msinune! Pengo hilo ni desibeli moja na nusu tu. Faida kubwa ya kabati la pili ni spika zaidi za kusukuma hewa.

Vikorombwezo je? Toni nne za kurekebisha, overdrive ya kuikwaruza besi kwa makusudi, na tundu la XLR la kumpelekea fundi mitambo sauti moja kwa moja. Swichi ya Contour ni tamu chumbani, lakini jukwaani izimeni: inapunguza sauti za kati, na hizo ndizo zinazoipenyeza besi katikati ya magitaa.

Kama unafanyia mazoezi nyumbani, mdogo wake Rumble 40 anakutosha kabisa. Kama bendi yako ina drums na magitaa mawili, anzia hapa. Kwenye uwanja mkubwa wa wazi, acha spika za ukumbi zibebe umati, na hii ikupe wewe na mpiga drums mdundo wenu. Mimi siirudishi dukani!