Hadithi Aliyosimuliwa Farasi

Wapenzi wa hadithi fupi wakianza kubishana nani bingwa, majina mawili hayakosi kutajwa: Guy de Maupassant wa Ufaransa na Anton Chekhov wa Urusi. Maupassant hupendwa kwa miisho yake. Katika hadithi yake ya mkufu ya mwaka 1884, Mathilde Loisel anataabika miaka 10 kulipa madeni ya mkufu wa almasi aliouazima akaupoteza. Kisha, mwishoni kabisa, rafiki yake anamwambia kwamba ule mkufu ulikuwa bandia, thamani yake haikuzidi faranga 500. Hadithi inakatika papo hapo. Ni kazi ya fundi, lakini imejengwa juu ya siri, na siri ikishatoka haifichiki tena.

Mimi niko upande wa Chekhov, na shahidi wangu ni "Toska" ya mwaka 1886, hadithi isiyo na siri hata moja. Chekhov alikuwa daktari kijana wa miaka 26, akiyaandikia magazeti yasiyompa nafasi kubwa. Iona Potapov, mzee anayebeba abiria kwa sleji ya farasi jijini Petersburg, amefiwa na mwanawe wiki hiyohiyo. Anatafuta mtu wa kumwambia. Hampati. Hakuna tukio jingine; nguvu yote iko kwenye umbo.

Anajaribu mara nne. Msomaji aliyekulia kwenye ngano anaijua takriri hii: jambo hurudiwa, na kila likirudiwa msisimko hupanda, mpaka mnyonge afaulu pale wakubwa waliposhindwa. Chekhov anaigeuza ngazi hiyo ielekee chini. Abiria wa kwanza, afisa wa jeshi, angalau anauliza kijana alikufa kwa ugonjwa gani. Iona anaanza kujibu, sauti kutoka gizani inamkemea aangalie njia, na anapogeuka tena afisa amekwisha kufumba macho. Wanafuata vijana watatu walevi. Mmoja wao, mwenye kibiongo, anamjibu kwamba sote tutakufa, kisha anampiga kofi la shingo. Bawabu anamfukuza mlangoni kabla hata hajaitaja habari yenyewe. Wa mwisho ni kijana wa kazi ileile, wanayelala pamoja. Anaamka, anakunywa maji, anajifunika gubigubi na kusinzia Iona akiwa bado anasema. Swali, kofi, kufukuzwa, usingizi. Hakuna hata mmoja kati yao aliye katili. Wana haraka, wana baridi, wamechoka, na ndiyo maana kukataa kwao kunauma.

Usimulizi uko katika wakati uliopo karibu mwanzo hadi mwisho: theluji inazunguka, Iona anageuka, afisa anafumba macho. Wakati uliopita ungetupa faraja kwamba mambo hayo yamekwisha. Hapa kila anapofungua kinywa tunatumaini upya, ingawa tunajua.

Lakini ufundi mkubwa zaidi uko kwenye orodha moja karibu na mwisho. Msimulizi anataja kila kitu ambacho Iona anataka kukieleza: mwanawe alivyougua, alivyoteseka, alichosema kabla ya kukata roho, mazishi yalivyokwenda, safari ya hospitali kuchukua nguo za marehemu. Kuna pia binti, Anisya, aliyebaki kijijini; naye yafaa asemwe. Tumepewa vichwa vyote vya habari. Tunangoja habari yenyewe. Iona anakwenda bandani kwa farasi wake, anaanza kumsimulia yote, na hapo Chekhov anaweka nukta. Maneno ya mwisho ya marehemu hatuyasikii kamwe.

Wengi huusoma mwisho huu kama shutuma: binadamu wamenyima sikio, mnyama ametoa. Shutuma ipo, ila umbo linafanya zaidi ya hapo. Kwa kutunyima masimulizi, Chekhov ametufanya tuyatamani, na kwa kuyatamani tumekuwa yule msikilizaji ambaye Iona alizunguka jioni nzima akimtafuta. Kama angetuandikia kurasa mbili za kilio, tungeshiba na kufunga gazeti.

Kuna jambo jingine ambalo ni rahisi kulipita. Wale aliowahi kuwaambia, Iona aliwapa taarifa tu: mwanangu amefariki. Farasi anaambiwa ajione ana kitoto chake mwenyewe, kisha ghafla kitoto hicho kimekufa, je, hangehuzunika? Ni mara ya kwanza usiku huo mzee anapolichukua jambo lake na kulipeleka ndani ya maisha ya anayesikiliza. Mpaka hapo alikuwa mtu mwenye habari. Kwa sentensi hizo chache, bandani, anakuwa msimulizi.