Fundi wa mabano

Huko Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema nchini Kongo, hesabu za sekondari huandikwa kwa Kifaransa na kubishaniwa kwa Kiswahili, lugha iliyokita mizizi huko tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip. Mwalimu anayeijua kazi utamtambua kwa anavyoutazama ubao kabla ya kugusa chaki.

Chukua mtajo huu:

x²y + xy² + x²z + xz² + y²z + yz² + 2xyz

Vipande saba, herufi tatu, na hakuna herufi iliyomo katika vyote. Mwenye haraka huvikusanya viwiliviwili kwenye mabano, akakwama. Fundi huanza na digrii, yaani hujumlisha vipeo vya kila kipande. x²y ni 2 na 1, jumla 3. xyz nayo ni 3. Vyote ni vya digrii ya tatu. Basi mtajo ukivunjika wote kuwa vigawo vya digrii ya kwanza, vitakuwa vitatu. Hajaandika kitu, na tayari anajua umbo la jibu la kutafuta.

Kisha anachagua herufi moja, x, na zile mbili anazichukulia kama namba tu. Anapanga upya, vipeo vya x vikishuka:

x²(y + z) + x(y² + 2yz + z²) + yz(y + z)

Ile 2xyz iliyoonekana mgeni mkiani ndiyo inayokamilisha mraba wa katikati, (y + z)². Sasa (y + z) imo kila mahali. Anaitoa nje, ndiyo *mise en évidence* ya madaftari ya Kongo, na ndani inabaki x² + x(y + z) + yz, yaani (x + y)(x + z). Jibu:

(x + y)(y + z)(z + x)

Angeanza na y au z angefika palepale, maana herufi zikibadilishana nafasi mtajo haubadiliki. Mwanahisabati Al-Khwarizmi, katika karne ya 9, aliandika aljebra yake kwa maneno matupu. Kwa uandishi huo, ulinganifu huu wa herufi usingeonekana upesi hivyo.

Mwisho anaipa kila herufi thamani ya 1. Mtajo unatoa 8, na 2 × 2 × 2 ni 8. Hiyo si hakikisho, ila hunasa makosa mengi.

Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huuliza hesabu kwa majibu ya kuchagua, kwa hiyo hesabu hiyo ya mwisho pekee yaweza kumvusha asiyejua njia. Walimu, kwenye kazi za darasani toeni pointi kwa kila mstari, si kwa jibu peke yake.